Pombe Yenye Mwenyeji

Katika baa nyingi za Dar es Salaam, chakula si cha baa. Bia unaletewa na mhudumu wa kaunta, nyama unamwagiza mchoma nyama aliyekodi kona ya jiko, na chipsi ni za kijana mwingine mwenye kabati lake la kioo pale nje. Bili zinakuja tatu. Ukilalamika kwamba mishkaki ni migumu, kaunta watakuambia ukaongee na mwenyewe. Utaratibu huu una faida zake: unawapa riziki watu watatu, na mchoma nyama hodari anaweza kuibeba baa mbovu kwa miaka. Lakini una jambo moja ambalo tumelizoea mpaka hatulioni. Anayekuuzia kinywaji hana sababu ya kujua kama umekula.

Ndiyo maana ile baa ya katikati ya mji ilinishangaza. Iko ghorofani, mwendo mfupi kutoka sanamu ya Askari, kwenye mitaa ambayo jioni maduka yakishafungwa hubaki na walinzi na paka. Rafiki yangu ninayesoma naye shahada ya uzamili ya historia alikuwa amelipwa hela ya kukusanya data, akasema twende tukaijaribu kabla hela haijaisha. Ni baa ya kokteli. Glasi moja ni nauli yangu ya daladala ya wiki nzima, kwa hiyo niliisoma menyu kama ninavyosoma mkataba.

Ilikuwa karatasi moja. Kushoto vinywaji saba, kulia sahani saba, kila kinywaji kikitazamana na sahani yake. Konyagi yenye ndimu, asali na tangawizi ilitazamana na mihogo ya kukaanga na chachandu ya embe bichi. Kinywaji cha ukwaju kilitazamana na pweza wa nazi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba kinywaji kikali cha pili huletwa baada ya sahani.

Rafiki yangu alimuuliza mhudumu kama walikuwa wanatania.

"Dada zangu, glasi ya kwanza kunyweni mnavyotaka," alisema yule kijana. "Ya pili haiji kwa mtu ambaye hajala."

Tulicheka. Nilidhani ni ujanja wa kuuza chakula, na bila shaka biashara imo ndani yake. Lakini mihogo ilipofika nilianza kuwaelewa. Ilikuwa imechemshwa kwanza mpaka ikapasuka, kisha ikakaangwa, nje ikawa kavu na ndani laini kama unga. Ndimu ya kwenye glasi ikafanya kazi ile ile inayofanywa na ndimu ya kwenye nyama choma: ilikata mafuta, mdomo ukawa tayari kwa tonge jingine. Nchi jirani wanalijua hili siku nyingi. Dawa, kokteli ya vodka, ndimu na asali iliyopata jina katika mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, ilitokana na caipirinha ya Brazili, na pale inanywewa sambamba na nyama.

Tulikaa karibu na kaunta, nikamtazama mchanganyaji akifanya kazi. Ni upishi mtupu. Kuna kikali, kichachu na kitamu, na vyote vitatu lazima viafikiane. Kisha kuna maji, ambayo sikuwahi kuyafikiria: kinywaji kikitikiswa na barafu, barafu huyeyuka kidogo, na yale maji ni sehemu ya kipimo. Ukitikisa kidogo mno kinachoma, ukizidisha kinapooza. Maganda ya ndimu alizokamua yaliingia kwenye bakuli la jikoni, na kutoka jikoni yakaja maji ya ukwaju uliolowekwa. Mara mbili mpishi, mama wa makamo mwenye kitenge kiunoni, alichungulia kutoka mlangoni. Hakuangalia watu. Aliangalia sahani zilizokuwa zinarudi, kuona kilichobaki.

Mwangalio ule ninaujua. Nimekulia chini yake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kilabu cha mbege Marangu. Ndizi mbivu zilichemshwa kwa saa nyingi hadi zikabadilika rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi uliooteshwa na kusagwa ulipikwa uji, vyote vikachanganywa, na magome ya msesewe yakatia uchungu. Mbege ni pombe na ni chakula kwa wakati mmoja. Ukiiangalia vizuri kwenye kata utaona ulezi ukielea. Hata hivyo, Bibi hakufungua kilabu bila sufuria ya mtori. Mtu akiingia na uso wa njaa, alipewa mtori kwanza na kata baadaye. Asiye na hela ya vyote viwili alipewa mtori. Na kila pipa lilipofunguliwa, Bibi alionja wa kwanza, mbele ya watu, ili wajue anawapa kitu anachokinywa mwenyewe.

Simpambi. Bibi alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba mtu aliyeshiba anakaa muda mrefu na hapigani. Pia najua kwamba kuna ada za shule zilizoishia kwenye kata zake. Watoto wa hao wanaume tulisoma nao darasa moja. Lakini hakuna mtu aliyekunywa pale bila Bibi kujua amekunywa kiasi gani, amekula nini, na nani atamsindikiza njiani.

Aliyekuwa akizungusha mabakuli ya mtori siku za gulio alikuwa kaka yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na sauti ya kuamrisha: "Mzee, kula kwanza." Wazee walimtii wakicheka.

Kaka alikuja Dar akaendesha bodaboda. Wakati huo viroba vilikuwa kila mahali, pombe kali kwenye vipakiti vya plastiki, vikining'inia dukani pembeni ya vocha za simu na sabuni ya unga. Kiroba kiliingia mfukoni. Ulikipasua kwa meno, ukamaliza kwa mafunda mawili, ukaendelea na safari. Bei yake ilikuwa shilingi mia chache, kiasi kile kile ambacho kingekupa chai na maandazi, na asubuhi nyingi kaka alichagua kimoja kati ya hivyo viwili. Mwishoni mwa 2015 wenzake wa kijiweni waligonga mlango wa chumba chake, hakufungua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Daktari alimweleza mama kwa upole, na mama akanieleza mimi baadaye kwa maneno yale yale, kama mtu aliyekariri. Ini likiwa na kazi ya kuondoa pombe, linashindwa kutengeneza sukari ya mwili. Mtu aliyekula ana akiba. Mtu ambaye hajala siku mbili hana, na sukari inaweza kushuka akiwa usingizini. Chakula hakizuii ulevi, lakini hukaa tumboni na kuichelewesha pombe kufika kwenye utumbo mwembamba, ambako sehemu kubwa hunyonywa, na mwilini kunakuwa na kitu cha kushikilia. Kumbe "mzee, kula kwanza" ilikuwa fiziolojia.

Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mama alisikia habari hiyo redioni, akanyamaza, kisha akaenda kutoa nguo kwenye kamba ingawa zilikuwa bado hazijakauka.

Sasa nasoma historia, na mada yangu inanipeleka kwenye sheria za pombe. Nimegundua kwamba watawala wamejiuliza swali moja tu kwa zaidi ya karne: nani aruhusiwe kunywa nini? Mkataba wa Brussels wa 1890 ulichora eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ambamo pombe kali zingezuiwa au kutozwa ushuru. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza wazo hilo. Chini ya Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa pombe kali kwa sehemu kubwa ya utawala wao. Glasi za wiski na jini zilizogonganishwa kwenye mitaa hii hii ya mjini hazikuwa zake. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Moshi ya 1966 dhidi ya gongo. Kisha viroba. Kila mara marufuku inahusu kilichomo ndani ya chupa. Sijakutana na sheria iliyouliza kama mnywaji ana mtu.

Mimi nadhani hapo ndipo penye jambo. Mbege ya Bibi ilikuwa na mwenyeji. Kokteli ya ghorofani ina mwenyeji. Kiroba kilikuwa pombe isiyo na mwenyeji: hakuna aliyekukaribisha, hakuna aliyeonja kwanza, hakuna aliyeangalia sahani yako kwa kuwa hapakuwa na sahani. Na marufuku haikurudisha mwenyeji. Siku hizi dukani kuna vichupa vidogo, pale pale pembeni ya vocha.

Nilikasirika kidogo pale baa, sitaficha. Niliikadiria bei ya mihogo ile na nikaona ni viroba vingapi, na ni mabakuli mangapi ya mtori. Mtu anaweza kusema kwamba siku hizi kujaliwa ni anasa ya wenye hela, na menyu ile ingekuwa ushahidi wake. Lakini Bibi alifanya kazi ile ile kwa bei ya kata moja, chini ya bati linalovuja. Hela haitoshi kueleza tofauti. Kilichohitajika ni mtu mmoja anayeamini kwamba mnywaji ni mgeni wake mpaka afike kwake salama. Na ninavyojua mimi, imani hiyo imekuwa ikikaa jikoni kuliko kaunta. Yule mama mwenye kitenge hakuwa akifanya jambo la kisasa.

Jumapili nilimpigia mama simu. Nilijipanga kwa mahubiri, maana binti wa nyumbani kwetu kwenda baa, tena ya mjini, tena usiku, ni mada yenye vifungu vingi. Nilimweleza yote: ngazi, menyu, pweza, glasi ya pili inayosubiri sahani. Alisikiliza bila kunikatiza. Hakuuliza nilikunywa nini.

"Na anayekuja peke yake?" aliuliza. "Asiye na rafiki wa kumwambia aagize?"

Nilimwambia ukweli. Mwisho wa kaunta alikuwepo kijana mmoja, tai imelegezwa, simu imelala kifudifudi mbele yake. Glasi yake ilipokaribia kuisha, hakuna aliyemuuliza kitu. Mlango wa jikoni ulifunguka, na yule mama akaja mwenyewe na sahani ya mihogo, akaiweka, akasimama hapo hapo mpaka kijana akashika kipande.

Mama alikaa kimya. Nilisikia kuku wake uani.

"Basi hiyo ni baa," alisema.