Sauti ya Kati

Katika kila kazi ifanywayo na watu wengi pana mtu asiyetajwa, na bila yeye kazi haitengenei. Nyumba husifiwa kwa rangi ya kuta zake. Ni nani ausifuye udongo ulioshika mawe? Ndivyo ilivyo viola katika muziki, na ndivyo alivyo mwalimu katika maisha ya mwanafunzi.

Pengine, msomaji, hujapata kuiona viola. Ni dada mkubwa wa fidla: ina nyuzi nne, huwekwa begani na kupigwa kwa uta, lakini umbo lake ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito zaidi. Watu wanne wakiketi kupiga muziki wa kikundi kidogo, wawili hushika fidla, mmoja viola na mmoja selo. Aghalabu fidla ya kwanza huchukua wimbo, selo huchukua msingi, na viola hukaa kati ikiunganisha juu na chini. Hapana kiongozi asimamaye mbele yao na fimbo. Kila mmoja hana budi kuwasikiliza wenziwe watatu.

Bibi mmoja, Karen Tuttle, aliishi katika sauti hiyo ya kati. Alizaliwa Marekani mwaka 1920, akajifunza fidla. Mwaka 1941 alimsikia William Primrose, bingwa wa viola mzaliwa wa Glasgow, akamwomba amfundishe. Primrose alimkubali kwa sharti kwamba aiache fidla na ashike viola. Akaiacha. Haukupita muda mrefu akawa msaidizi wa mwalimu wake katika chuo cha Curtis, mjini Philadelphia. Alipiga viola katika vikundi vya watu wanne, walakini sifa yake kubwa ilikuwa kufundisha, kazi aliyoifanya kwa miongo mingi kabla ya kufariki mwaka 2010.

Mafundisho yake yalikuwa na siri moja. Alitambua kwamba sauti mbaya mara nyingi haitoki katika ujinga, bali katika mwili uliokazana. Kwa hiyo aliitazama shingo ya mwanafunzi, bega lake na kidole gumba chake, akamfundisha kulegeza palipofungana, ili sauti ipate njia.

Mimi si mpigaji wa muziki, nafundisha lugha. Hata hivyo siri hiyo naiona darasani kila siku. Mvulana aliyeinuliwa kusoma mbele ya wenziwe hukazana vilevile: koo hukauka, macho huruka mistari, na wenye haraka humwita mjinga. Ondoa hofu kwanza, nawe utashangaa ni maneno mangapi aliyajua.

Mzazi mmoja wa hapa Mowlem, fundi wa kuchomelea vyuma, alinijia siku moja kwa ajili ya binti yake aliyependa viola kuliko michezo yote. “Mwalimu,” akasema, “mwanangu atakula nyuzi?” Swali lile halikuwa la dharau. Alikuwa na kodi ya nyumba na karo za watoto watatu. Sikuweza kumwahidi mshahara, wala sikumwahidi. Nilimwambia kwamba binti yake anajifunza kusikiliza, na kwamba anayejua kusikiliza hukosa kazi mara chache kuliko anayejua kupiga kelele.

Jibu hilo lilinihusu mimi mwenyewe pia. Baadhi ya wenzangu wa chuo cha ualimu wameiacha chaki wakaenda katika biashara. Nami niliitwa niwafuate, na fedha niliyotajiwa ilininyima usingizi. Sikwenda. Nilijiuliza kazi ya mwalimu hupimwa kwa kipimo gani, nikaona kwamba hupimwa katika mikono ya wengine. Primrose alimfundisha Tuttle. Tuttle akamfundisha Kim Kashkashian. Na mwaka 2013 Kashkashian alipewa tuzo ya Grammy kwa kupiga viola. Tuttle alikuwa amekwisha kufariki, lakini kazi yake ilisikika.

Usidhani mnyororo huo ni wa nchi za mbali tu. Huko Korogocho, mwendo mfupi kutoka kwetu na karibu na jaa la Dandora, watoto wamefundishwa muziki wa okestra tangu mwaka 2008 katika Ghetto Classics, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge. Baadhi ya waliofika pale hawajui hata kushika chombo sasa huwafundisha wadogo zao.

Basi, msomaji, utakapochagua kazi, uliza mshahara, maana njaa haina adabu. Lakini uliza pia ni nani atakayeweza kufanya jambo jema kesho kwa sababu wewe ulifanya kazi leo. Na siku utakapousikia muziki wa watu wanne, usiifuate fidla peke yake. Tega sikio katikati.