Jioni ya Mechi Mbili Uwanja wa Taifa

Jumapili ya Machi 24, 2019, watu walianza kumiminika Uwanja wa Taifa tangu mchana. Daladala ilitushusha mbali, tukapenya katikati ya wauza jezi, karanga na mavuvuzela mpaka getini. Nilikaa mzunguko. Mashabiki wa Simba na Yanga walikuwa wamebanana humo bega kwa bega, hakuna anayemzomea mwenzake, na hilo peke yake lilikuwa habari.

Hesabu yenyewe ya kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) ilikuwa ya mashaka. Sisi Tanzania na Lesotho tulikuwa na pointi 5 kila mmoja, na Novemba walikuwa wametufunga bao 1-0 kwao Maseru, kwa hiyo tukilingana wanapita wao. Ilibidi tuifunge Uganda, na wakati huohuo Lesotho wasishinde kule Praia, Cape Verde. Uganda walikuwa wameshafuzu, na katika kundi lile nyavu zao zilikuwa hazijaguswa. Ukiongeza kwamba Rais wa zamani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliwahi kuifananisha Taifa Stars na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyolea, utaelewa kwa nini wengi tulikuja na matumaini ya kificho.

Safu ya mbele yangu alikaa jamaa mwenye redio ndogo. Kabla mpira haujaanza alishageuka mtu mkubwa. Watu wakimletea maji, wakimpisha apate mawimbi vizuri.

Simon Msuva akafunga kipindi cha kwanza. Baada ya mapumziko Erasto Nyoni akaweka penalti, na punde Aggrey Morris akapachika la tatu. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua, mmoja akanimwagia soda mgongoni wala hakuomba radhi.

Kuanzia hapo, sema kweli, hakuna aliyeutazama mpira. Uganda wangeweza kucheza na wachezaji 12 tusijue. Macho yote yalikuwa kwa jamaa wa redio.

"Vipi huko?"

"Bado bila bila."

Dakika mbili hazijapita, swali lilelile. Jibu lilelile. Mzee wa pembeni yangu, ambaye mwaka 1979 alikuwa kijana Peter Tino alipofunga Ndola na kutupeleka fainali za Lagos, alikataa kabisa kushangilia. "Mwanangu, hii timu naijua," aliniambia. "Itatafuta njia." Tangu fainali zile za 1980 hatukuwa tumefuzu tena, na yeye alikuwa ameyahesabu makosa yote ya katikati.

Filimbi ya mwisho ilipolia, jamaa wa redio akanyanyua mkono tunyamaze. Kona ile ikatii. Kisha akairusha redio juu, na sikusikia tena alichosema kwa kelele. Bila bila. Kocha Emmanuel Amunike, aliyeifungia Nigeria mabao mawili fainali ya AFCON ya mwaka 1994, alikuwa ametufikisha Misri. Huko tulipigwa mechi zote tatu, lakini hayo yalikuja baadaye.

Mzee alikuwa anacheka peke yake, machozi yakimtoka, akimtania kila aliyevaa jezi ya Uganda. Nasi hatujafika hata getini, watu wawili nyuma yangu walishaanza kurushiana maneno: ni Simba au Yanga iliyoibeba timu ya taifa siku ile?