Kidole Tumbo: Alama 8 Zilizonitoa Jasho Mikumi

Msomaji wangu, mtu akikataa pilau la harusi usimcheke. Mimi nilicheka, na nusura nijute maisha yangu yote.

Ilikuwa Jumamosi, Kilosa, harusi ya binamu yetu. Mdogo wangu, ambaye kwa sahani humuwezi, akasukuma pilau pembeni. Eti tumbo linavuta hapa kitovuni. Usiku akatapika mara mbili. Shangazi akasema hilo chango, akamchemshia mizizi. Mimi nikamwambia, "Acha kuzuga, unakwepa kuosha masufuria."

Asubuhi tukapanda gari la kurudi Mikumi. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Gari likiruka shimo, dogo anashika tumbo, sasa upande wa kulia chini. Tulipofika Ulaya (hii yetu ya Kilosa, siyo ya Wazungu) alikuwa anamwomba konda amwambie dereva apunguze mwendo. Matuta ya Mikumi ndiyo yaliyommaliza. Machozi yalimtoka, na yeye si mtu wa kulia. Nikaacha kucheka.

Hospitalini daktari hakukurupuka. Alimuuliza maumivu yalianzia wapi, akambonyeza taratibu, kisha akaachia mkono ghafla. Dogo akaruka! Daktari akawa anaandika namba. Nikauliza, "Samahani dokta, unampa maksi?"

Kumbe kweli. Mfumo huo unaitwa Alvarado, jina la Dokta Alfredo Alvarado aliyeutoa mwaka 1986 baada ya kuchambua wagonjwa 305 huko Philadelphia, Marekani. Jumla ni alama 10. Maumivu yakihama kutoka kitovuni kwenda kulia chini, 1. Kukosa hamu ya kula, 1. Kichefuchefu au kutapika, 1. Kuuma ukibonyezwa kulia chini, 2. Kuuma zaidi mkono ukiachiwa, 1. Joto kupanda, 1. Chembe nyeupe za damu zikizidi, 2, na zile changa zikiongezeka, 1.

Kwa kawaida 4 kushuka chini, uwezekano wa kidole tumbo ni mdogo. 5 na 6, mgonjwa anawekwa chini ya uangalizi. 7 kwenda juu, mpasuaji aitwe.

Dogo hakuwa na joto. Alikuwa na 6. "Tusubiri damu," daktari akasema.

Jamani, mimi na maksi za Form Four hatukuwa marafiki kabisa, lakini sijawahi kusubiri matokeo kama yale. Nilikaa kwenye benchi namwomba Mungu mdogo wangu afeli. Majibu yakaja: chembe nyeupe zimezidi. 2 juu ya 6, jumla 8. Amefaulu!

Alipasuliwa jioni ileile. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, bado hakijapasuka. Nilipomweleza daktari habari ya matuta, hakushangaa. Akanisimulia utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2012: kati ya wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo na waliopita kwenye matuta, 33 waliumia. Ila akanionya, tuta linaweza kumliza hata mwenye ugonjwa mwingine wa tumbo.

Na alama nazo si msahafu. Kwa akina dada zinaweza kudanganya, maana ovari au mimba iliyotunga nje ya kizazi huleta maumivu palepale. Ndiyo maana daktari anaongeza vipimo, kama vile altrasaundi. Kwa hiyo usijipe maksi mwenyewe gheto. Tumbo likihamia kulia chini na pilau halipiti, wahi hospitali, na mizizi ya shangazi ibaki jikoni.

Dogo amepona. Sasa hivi anakula sahani yake na yangu, na masufuria naosha mimi. Nimeyataka mwenyewe.