Sehemu ya Pili Isiyotengenezwa

Mtu amalizapo kitabu alichokipenda huuliza, Ikawaje baadaye? John Bunyan aliulizwa hivyo bila shaka. Katika Safari ya Msafiri, kilichotoka mwaka 1678, Mkristo alitoka mjini kwake akawaacha mkewe na watoto wake. Mwaka 1684 ilitoka sehemu ya pili, nayo ni habari ya mke yule na watoto wale. Haikuanza pale ya kwanza ilipokoma, ilianza kwa walioachwa nyuma. Nasi twaona kwamba ndivyo ipasavyo.

Hadithi nyingi hazikupata bahati hiyo. Katika nchi hii ilipigwa sinema iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Howard Hawks aliiongoza, na John Wayne alikuwa mkuu wa watu waliokamata wanyama ili wapelekwe katika bustani za ng'ambo. Baadhi ya picha zake zilipigwa Momella, karibu na Arusha. Aliyeitazama hawasahau tembo watatu wachanga waliolelewa kwa maziwa, ambao mwishoni waliingia chumbani kwa maarusi na kitanda kikavunjika. Watu wakacheka, hadithi ikaisha, wala sehemu ya pili haikutengenezwa.

Tuliwapa watoto wa darasa letu kazi ya kuitunga. Wengi waliwaacha maarusi, wakawafuata tembo. Binti mmoja aliandika kwamba tembo mmoja sasa ni mzee, maana tembo aweza kuishi miaka sitini na zaidi, naye akawaongoza wenziwe usiku mpaka katika mahindi ya baba yake, akitafuta chupa yake ya maziwa. Baba akapiga debe kwa nguvu zake zote. Tembo hakukimbia, kwa kuwa alizoea kelele za watu tangu utotoni.

Tulipoisoma mbele ya darasa hawakucheka sana. Hapa Mbulumbulu mashamba yetu yamepakana na msitu wa Ngorongoro. Msitu ule ndio utupao maji, nasi hatuwezi kuuchukia. Lakini ndio utoao tembo na nyati mahindi yakomaapo. Mwenye shamba hukesha kando ya moto, na mwanawe hukesha pamoja naye, kisha asubuhi husinzia juu ya daftari. Mwalimu gani atampiga?

Iko na sinema nyingine, hiyo si ya kubuni. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, walizunguka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda, wakihesabu wanyama. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tai, Michael akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba aliimaliza sinema peke yake, nayo mwaka 1960 ikapata tuzo kubwa ya Marekani iitwayo Oscar. Jina lake lasema kwamba Serengeti haitakufa. Baba naye alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakawekwa kando ya mwanawe.

Kaburi lile halitutoki moyoni, maana liko upande wa pili wa msitu wetu. Mara nyingi twamwazia Michael kuwa hakufa siku ile, bali amerudi na ndege yake ya milia ili kutengeneza sehemu ya pili. Wanyama wa tambarare amekwisha kuwahesabu. Basi twamwomba avuke msitu, ashuke huku kwetu, awahesabu na watu: wangapi wamelala, na wangapi wako macho. Aje mahindi yakikaribia kuvunwa, saa nane ya usiku. Twajua kwamba saa ile picha hazitatoka vema. Watazamaji wa Ulaya wataona giza, na mioto midogo mstari mmoja kando ya miti, na madebe watayasikia tu.