Staa wa Mwanza Aliyekosa Rivasi, na Jina Lisiloandikwa Nyuma ya Ndinga

Wadau wa Rock City, ile video ya ndinga nyeupe iliyokwama mbele ya jabali kule Capri Point wengi mliiona. Mlicheka, mkaisambaza, mkasahau. Kilichofuata baada ya pale hakikusambaa, na ndicho chenye utamu.

Mwenye ndinga ni staa wa Bongo Fleva, jina kapuni. Ukipanda daladala ya Igoma kwenda Kirumba hufiki mwisho wa safari bila kusikia ngoma yake walau moja. Mambo yalimnyookea: shoo Geita, shoo Bukoba, shoo Musoma. Kwa mkwanja huo akaagiza gari dogo la Kijerumani, la mtumba, kutoka Japani. Nembo nayo kapuni. Siku lilipotoka bandarini Dar akapiga nalo picha na kuandika: "Gia boksi ya klachi mbili, kaifunga Mjerumani mwenyewe. Nyie endeleeni na za kwenu."

Wiki hiyohiyo akaulizwa redioni nani anatengeneza biti zake. Akajibu bila kupepesa, "Mimi mwenyewe kaka. Kila kitu nafanya mwenyewe."

Kule Mabatini, kwenye chumba kimoja chenye godoro ukutani la kuzuia sauti, kuna dogo alikuwa anasikiliza redio hiyo. Yeye ndiye prodyuza wa ngoma zote nne zilizomtoa staa kimaisha. Alizima redio akaendelea na kazi. Hakuposti kitu.

Sasa turudi Capri Point. Staa alipaki kwa mbwembwe, pua ya gari ikiangalia jabali, mita moja tu katikati. Saa ya kuondoka akaweka rivasi. Kimya. Akazima, akawasha, akaweka tena. Kimya, na taa ya spana inawaka na kuzima kwenye dashibodi. Mbele jiwe, nyuma watu na simu zao. Mwisho walinzi na vijana wa bodaboda wakaisukuma kwa mikono, na mmoja akaropoka, "Huyu staa anajua kwenda mbele tu!" Sauti hiyo ndiyo iliyosikika kwenye video.

Gari likavutwa hadi gereji moja Nyakato. Fundi wa pale ni mtu mzima, alishinda miaka mingi Dar kwenye gereji za magari ya Ulaya kabla ya kurudi nyumbani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anasemaje?"

Akachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, akatazama kidogo, akaguna. "Gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba zipo. Ya pili, ya nne, ya sita na rivasi zimelala. Nusu ya gia boksi iko kazini, nusu iko likizo."

Staa akadhani anataniwa. Fundi akamwelekeza upande wa ziwa. Umewahi kuona wavuvi wawili wakivuta wavu mmoja kwa zamu? Huyu hajaachia, mwenzake ameshashika. Wavu haurudi nyuma hata kidogo. Gia boksi ya klachi mbili ndivyo ilivyo. Klachi moja inashika gia za 1, 3, 5 na 7. Nyingine inashika za 2, 4, 6 na, kwenye gari kama lile, rivasi pia. Ukiwa gia ya pili, ya tatu imeshaandaliwa pembeni inasubiri. Kompyuta ikiamua, klachi moja inaachia wakati nyingine inashika. Ndiyo maana hizi ndinga zinabadili gia pap, bila kukata pumzi. Mvuvi mmoja akiumwa, unabaki na nusu ya kazi.

Na kwa nini ameumwa? Gari lile lina klachi kavu, zisizoogelea kwenye oili. Kwenye barabara iliyonyooka hazina shida. Ila foleni ya Buzuruga mchana wa jua, gari linatambaa hatua kwa hatua, klachi inasuguana tu, inapata moto, inakwisha. Wenye magari walikotoka wanalijua hilo la joto. Novemba 2013 Volkswagen ilitangaza kuita magari takriban milioni 1.6 duniani yenye gia boksi ya gia saba ili yabadilishwe oili, maana iliyokuwemo ingeweza kuleta hitilafu ya umeme kwenye mazingira ya joto na unyevunyevu. Oili ya gia nayo ina mambo yake, siyo klachi tu.

Staa akampigia muuzaji mmoja Dar kuulizia gia boksi nzima. Milioni 11. Akakaa juu ya tairi, kofia mkononi. Hela hiyo alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya video ya ngoma mpya, ile aliyopanga kuishuti kwenye Daraja la Magufuli pale Kigongo–Busisi. Alishawatangazia mashabiki. Gari au video, kimoja lazima kife.

Siku mbili baadaye fundi akampigia aje aone. Gia boksi ilikuwa imelala juu ya benchi kama sangara aliyepasuliwa. Fundi akachukua kitambaa, akafuta klachi, jina likatokea kwenye chuma. Halikuwa jina lililoandikwa nyuma ya gari. Lilikuwa la kampuni nyingine kabisa.

"Huyu ni nani?" staa akauliza.

"Ndiye aliyekutengenezea klachi. Mwenye nembo kanunua kwake."

"Kwa hiyo nimepigwa? Hii feki?"

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. "Mwanangu, hii ndiyo orijino. Orijino yenyewe iko hivyo."

Hapa ndipo wapenda ndinga wengi wa mjini tunaowaona Instagram hawajui, na fundi akamfungulia staa darasa.

Wazo la klachi mbili ni la kale. Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyewahi kuhudumia magari ya mfalme wa Urusi, alilibuni mwaka 1939 lakini halikufika sokoni enzi zake. Porsche wakalipeleka kwenye magari yao ya mashindano, 956 na 962, miaka ya 1980. Gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi kuwa nalo ni Volkswagen Golf R32 ya mwaka 2003. Gia boksi ilitoka kiwandani kwao, lakini teknolojia ya klachi zake ilikuwa ya BorgWarner, kampuni ya Marekani. Yaani tangu mwanzo "Mjerumani mwenyewe" alikuwa na mkono wa mtu mwingine.

Panda juu kidogo. Bugatti Veyron ya 2005, ndinga ya farasi 1,001, gari lililowafanya matajiri wa dunia wapange foleni. Injini ile ingeweza kusaga gia boksi ya kawaida ikawa unga. Wakaenda Uingereza kwa kampuni ya Ricardo, ikawasanifia gia boksi ya klachi mbili yenye gia saba. Nyuma ya gari hulioni jina la Ricardo.

Ferrari je? Mwaka 2008 walipoleta Ferrari California, gari lao la kwanza la barabarani lenye klachi mbili, walinunua kwa Getrag ya Ujerumani. Mercedes walipoleta SLS AMG yenye milango inayofunguka kwa juu, nao wakaenda Getrag. Mahasimu wawili, jiko moja. Mitsubishi Lancer Evolution X na BMW M3 ya mwaka huohuo wa 2008, nazo Getrag. Halafu kampuni hiyo inayolisha wote hao mwaka 2016 ikanunuliwa na Magna ya Kanada, na mashabiki wengi wa Ferrari hata hawakushtuka.

McLaren ndio watamu zaidi. Waingereza hao walipotoa MP4-12C mwaka 2011 ili wapambane na Ferrari, gia boksi waliichukua kwa Graziano ya Italia. Piga picha: Mwitaliano anatumia gia boksi ya Mjerumani, Mwingereza anatumia ya Mwitaliano, na gari lenye jina la Kifaransa linatumia ya Mwingereza. Porsche, waliotangulia wote kwenye mashindano, walipoleta PDK kwenye 911 ya barabarani waliitengeneza pamoja na ZF. Nissan GT-R ya 2007 ina klachi za BorgWarner, gia boksi iliundwa na Aichi Machine. Chevrolet Corvette mpya ya 2020, Tremec.

"Sasa hela zote zile, kwa nini wasitengeneze wenyewe?" Staa aliuliza hivyo, na ni swali la haki.

Piga hesabu. Ferrari mwaka 2008 iliuza magari kama 6,500 tu duniani kote. Gia boksi ya klachi mbili inataka miaka ya kusanifu, mashine za kukata gia kwa vipimo vya unywele, majaribio mpaka zivunjike, na haki za ubunifu ambazo wengine wameshazisajili. Gharama hiyo ukiigawanya kwa magari 6,500 unalia. Anayeuzia kampuni tano au sita anaigawanya vizuri, tena kila anapokosea kwa mteja mmoja anakuwa ameshajifunza kwa ajili ya mwingine.

Namna wanavyopatana ni hivi. Mwenye gari anakuja na mahitaji: injini yangu ina nguvu kiasi hiki, nafasi niliyobakiza ni hii, uzito usizidi hapa. Mtengeneza gia boksi anaangalia alichonacho tayari, anakirekebisha kiingie. Ndoa hiyo huanza miaka kadhaa kabla gari halijaonekana, na ni ngumu kuachana katikati, kwa sababu gari zima limechorwa kuizunguka gia boksi ile.

Lakini tusiwaonee wenye nembo. Wanabaki na kazi ambayo hawampi mtu kirahisi: jinsi gia boksi inavyojisikia. Ibadilishe gia wakati gani, kwa ukali gani, ikurushe mgongo au ikubembeleze. Hiyo ni programu ya kompyuta na miezi ya madereva wa majaribio. Ndiyo maana California na SLS, damu moja ya Getrag, haziendeshwi sawa. Na wapo wabishi: Koenigsegg wa Sweden mwaka 2019 walionyesha gia boksi waliyoibuni wenyewe kwa ajili ya Jesko, gia 9 na klachi 7. Inawezekana kujifanyia. Ila hao ni wa kuhesabu.

Staa alinyamaza muda. Kisha akauliza swali la mwenye shida: kama klachi ni ya huyu aliyeandikwa hapa, si tunaweza kununua kwake?

"Ndicho nilichokuitia," fundi akasema. Kampuni ile inauza seti ya klachi kwa jina lake yenyewe. Gia boksi nzima haikuwa na kosa. Seti, oili na ufundi vikaja milioni tatu na ushee. Kwa kujua jina lililofichwa chini ya vumbi, milioni saba zikabaki mfukoni na video ikapona.

Gari lilipopona fundi alilitoa mwenyewe kwa rivasi, taratibu, hadi barabarani. Staa akashangilia kama goli. Akapiga picha ya klachi ya zamani, akaposti: "Fundi wa Nyakato ni noma." Fundi mwenyewe kwenye picha anaonekana mikono tu, imejaa grisi. Jina hakuna. Watu 9 walimuuliza chini ya posti hiyo, "Huyo fundi anaitwa nani, yuko wapi?" Hakujibu siku nzima.

Inaelekea swali hilo ndilo lililomkaa kichwani. Saa tano usiku simu ikaita Mabatini. Dogo prodyuza aliiangalia ikaita hadi ikakata. Ikaita tena, akapokea.

Hakukuwa na samahani. Mastaa wetu neno hilo ni zito. Staa aliongelea foleni, akaongelea klachi, akaongelea Ferrari wanaonunua gia boksi kwa Wajerumani, maneno mengi mpaka dogo akadhani jamaa kalewa. Halafu akatulia.

"Oya, ile ngoma mpya inatoka Ijumaa. Nataka kukuandika pale juu. Jina lako la kazi linaanza na C au na K?"

Miaka miwili, ngoma nne, na alikuwa hajui.

Dogo akamtajia, herufi moja moja. Kisha akamwambia kitu ambacho alikuwa amekibeba tangu siku ya redio: "Bro, kuandika ni vizuri. Na mgawo wangu wa hizo nne za mwanzo?"

Upande wa pili kukawa kimya, kama rivasi ya Capri Point. Baadaye staa akasema, "Njoo kesho tuongee." Kama alikwenda na walipatana vipi, hiyo ni ya wao wawili. Ila ngoma ilitoka Ijumaa, na ukiitafuta utaona jina la pili pale juu, limeandikwa kwa K.

Haya wadau, jina peke yake linatosha, au dogo ana haki ya kudai mkwanja wa nyuma? Tiririka hapo chini.