Mzigo wa Mlezi

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo ni methali ya kweli, lakini ina makali pande mbili. Humwonya mlezi, tena humshitaki. Mtoto akiwa mkaidi au akilia usiku kucha, macho ya majirani hayamwelekei yeye, humwelekea mama. Naye mama, akisha kuhukumiwa na watu, hujihukumu mara ya pili peke yake. Hatia hiyo haina jeraha wala homa. Humnyima usingizi, humwondolea hamu ya chakula na mazungumzo, hata kumpakata mwanawe kukawa kazi nzito. Wajinga huiita hali hiyo uvivu. Utabibu huiita sonona.

Dawa moja iliyojaribiwa ni mkutano wa akina mama wenyewe. Katika Lira, kaskazini ya Uganda, jaribio lililotangazwa mwaka 2015 liliwakusanya mama wenye watoto wa miezi 12 hadi 36. Vikao vilikuwa 12, na viongozi wake walikuwa watu wa palepale waliopewa mafunzo. Mama walifunzwa kucheza na watoto na kusema nao, lishe na usafi, pamoja na mapenzi na heshima nyumbani. Mwishowe watoto wao waliwapita wenzao kwa akili na kuelewa lugha, na dalili za sonona kwa mama zikawa chache kuliko kwa wale ambao hawakupata mafunzo.

Si ajabu. Mama anayemsikia mwenziwe akikiri kuwa naye alimkaripia mtoto kwa ukali, kisha akalia kwa majuto, hupata jambo ambalo hakuna somo liwezalo kumpa. Hujua kuwa hayuko peke yake. Aibu hustawi katika upweke, ikigawanywa hupungua.

Walakini furaha isipite kiasi. Jane Barlow na wenzake wa Uingereza walichungua tafiti 48 za mafunzo ya wazazi katika vikundi, wakatoa matokeo mwaka 2014. Mara baada ya mafunzo, sonona, wasiwasi, hasira na hatia vilipungua. Miezi 6 baadaye, nafuu iliyosalia kwa hakika ilikuwa ya msongo wa mawazo na ya kujiamini tu. Ulipotimia mwaka, hata hiyo haikuthibitika.

Je, mafunzo ni bure? La. Aliyekula jana akiona njaa leo hasemi kuwa chakula hakifai. Mikeka ikisha kukunjwa, mama hurudi katika nyumba ileile, deni lilelile na ukimya uleule wa mume, naye mtoto amekwisha kukua na kuleta taabu mpya. Kosa si la mkutano. Ni la kuuvunja mapema.

Wahenga walinena pia kuwa mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema mikono mingine iondolewe baada ya kikao cha 12.