Mchezo Nilioupenda na Mchoraji Nisiyemjua

Kila mtu ana jambo lake dogo alipendalo, ambalo wengine hulidharau. Yuko akusanyaye stempu, yuko afugaye njiwa, na yuko awezaye kukaa barazani mchana kutwa akitazama bao la watu wawili bila ya kutia mkono wala neno. Mimi nimependa mchezo mmoja wa mezani uliozaliwa Marekani, na katika mchezo huo nimependa picha za vitabu vyake kuliko ushindi wake. Mapenzi hayo yalinipa furaha nyingi. Yalinipa pia aibu moja, nami nitaisimulia aibu hiyo pamoja na furaha, kwani sijui namna ya kuzitenga.

Mwaka 1984 nilitoka Lamu kwenda kusoma uhandisi katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Juu ya baridi ya huko sitasema mengi. Wengi wamekwisha kuilalamikia. Itoshe kusema kwamba kuanzia Desemba hakuna aliyetoka nje bila ya haja, na jioni zilikuwa ndefu kama mchana wa Ramadhani kwa mtoto anayefunga mara ya kwanza. Katika nyumba niliyopanga chumba, kila usiku wa Ijumaa nilisikia kutoka chini vicheko, kisha kimya, kisha kishindo cha vitu vidogo vikianguka juu ya meza, kisha ukelele. Nilidhani ni kamari. Ijumaa ya tatu nilishuka kwenda kuwaomba wapunguze sauti, na niliporudi chumbani kwangu ilikuwa saa tisa za usiku.

Walikuwa wanafunzi watano, na kiongozi wao alikuwa mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mchezo wao uliitwa Dungeons & Dragons. Hapakuwa na ubao wala kete. Kila mmoja alikuwa na karatasi moja, na katika karatasi hiyo anaishi mtu wa kubuni: shujaa, mchawi, mwizi, au mbilikimo mwenye shoka. Mtu huyo hupewa hesabu sita, ya nguvu, ya akili, ya busara, ya wepesi, ya uimara wa mwili na ya haiba, na kila hesabu hupatikana kwa kurusha dadu tatu. Mmoja wao hana mtu wake; yeye ndiye mwenye hadithi. Husema, "Mmefika mbele ya mlango wa mawe. Nyuma yake mnasikia maji yakichuruzika na kitu kizito kikivuta pumzi. Mnafanya nini?"

Msomaji aliyelelewa kwa ngano atanielewa nikisema kwamba swali hilo lilinishtua. Nyanya yangu alikuwa hodari wa ngano. Akisema "Paukwa!" tulijibu "Pakawa!" na baada ya hapo hatukuwa na neno tena. Sungura alikwenda kwenye pango la simba tukitaka tusitake, na mara ngapi nilitamani kumwambia asiingie! Sasa nilikuwa nimeketi ugenini, wenzangu wote wananitazama, naulizwa mimi kama sungura aingie au asiingie. Nilikaa kimya. Kisha nikasema kwamba mwizi wangu anamimina mafuta katika bawaba za mlango ili usilie. Wote wakacheka kwa furaha, na mwenye hadithi akanipa dadu ambayo sijapata kuiona mfano wake, yenye nyuso ishirini, akasema, "Rusha." Mlango ulifunguka bila ya sauti. Kilichokuwa ndani kilituua wawili, lakini hicho ni kisa kingine.

Mchezo huo, uliochapishwa mwaka 1974, ulitungwa na watu wawili, Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Milwaukee, na Dave Arneson wa jimbo la Minnesota. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake katika kampuni ya bima, akawa anatengeneza viatu ili kulisha watoto wake. Nakala za kwanza zilikuwa 1000 tu, vijitabu vitatu vyembamba ndani ya kasha, navyo vilitiwa makashani nyumbani kwa mikono. Baadhi ya madubwana yanayotisha wachezaji hata leo yalitokana na wanyama wa plastiki wa bei rahisi, waliotengenezwa Hong Kong, ambao Gygax aliwanunua dukani na hakujua ni wanyama gani. Akawapa majina na tabia. Habari hiyo hunifurahisha kila niikumbukapo, kwa sababu sisi watoto wa Lamu tulikuwa tukifanya vivyo hivyo kwa mifupa ya samaki.

Lakini nilisema nitazungumzia picha. Katika mchezo ambao kila kitu kimo katika maneno, picha ina kazi kubwa kuliko kupamba. Mwenye hadithi anaposema "pango", mtu wa Wisconsin huona jambo moja na mtu wa Lamu huona jingine. Picha moja ya kitabuni huwakutanisha. Walikuwapo wachoraji wengi. Erol Otus alitia rangi zilizofanana na ndoto za mtu mwenye homa. Larry Elmore alichora kwa rangi za mafuta, na joka lake jekundu juu ya kasha la mwaka 1983 limewavuta vijana kuliko tangazo lolote. Ninawaheshimu wote. Hata hivyo moyo wangu ulikwenda kwa mmoja aliyefanya kazi yake kubwa kwa wino mweusi, David A. Trampier.

Jalada la kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 ni lake. Lina sanamu kubwa la shetani, limeketi ndani ya hekalu, na macho yake ni johari. Wezi wawili wamepanda kichwani mwake wanang'oa jicho moja. Chini, wenzao wanavuta maiti za watu-kenge waliowaua, mmoja anasafisha upanga, wengine wanashauriana juu ya ramani. Tazama sasa: vita vimekwisha. Mchoraji mwingine angetuonyesha panga zikikutana na damu ikiruka. Trampier, ambaye hakuwa hata na umri wa miaka 25, alituonyesha kazi inayofuata baada ya vita, uchovu wake na tamaa yake, akatuachia wasiwasi kwamba sanamu lile huenda likasimama. Sijaona picha inayoueleza mchezo ule kwa ukweli zaidi.

Picha yake nyingine imo katika kitabu cha mwenye hadithi cha mwaka 1979, nayo ndiyo iliyoniponza. Inaonyesha mtaa mwembamba wa nyumba za mawe. Mchawi amepita mbio juu ya farasi, miale ya uchawi inamtoka mkononi, watu wanaanguka, na mtu mwenye upanga anatokea katika mlango. Mtaa ule ulinitia kiu ya nyumbani. Ondoa farasi, tia punda, na ungeapa kwamba umesimama karibu na msikiti wa kwetu saa kumi ya jioni, wakati kivuli cha ukuta mmoja kinapogusa ukuta wa pili.

Baba yangu alikuwa mchongaji wa milango. Kwa mtu wa Lamu maneno hayo yanatosha. Kwa wengine nitaongeza kwamba mlango mmoja huchukua majuma mengi, na kwamba mafundi wa zamani hawakuandika majina yao juu yake. Hawakuhitaji. Baba alipita mitaani akisema, "Huu ni mkono wa fulani," kama mtu amtambuavyo ndugu yake kwa mwendo. Tangu utotoni alitaka niirithi patasi yake, nami nilikuwa mzito wa mikono. Nilichora, lakini kwa unyonge. Hakunilaumu hata siku moja, na kule kutolaumiwa kuliniuma.

Basi katika likizo ya Desemba ya mwaka 1985, wenzangu walipokwenda makwao, nilikaa peke yangu siku tisa na kalamu ya wino na karatasi nzuri, nikainakili picha ile mstari kwa mstari. Trampier alizoea kutia katika kazi zake herufi tatu za majina yake, DAT. Mahali ambapo herufi zake zingekaa, nilitia jina langu. Nikaitia picha katika bahasha nikaipeleka Lamu, pamoja na barua iliyosema, "Baba, tazama nilichochora."

Jibu lilifika baada ya majuma sita. Baba aliandika kwamba ameitazama mistari ya kivuli kwa kioo cha kukuzia, na kwamba mtu aliyeipiga anajua kuacha mahali pa kuachwa, jambo ambalo mafundi wengi hufa hawajalijua. Aliandika kwamba ameitia fremu ya mkangazi. Nyanya alikataa isitundikwe nyumbani kwa ajili ya sura za watu, kwa hiyo aliitundika karakanani, na kila mgeni aliyekuja kuagiza mlango alionyeshwa. Mwisho wa barua alisema, "Nichoree nyingine, mwanangu. Mara hii chora mtaa wetu."

Sikuchora. Nilijibu kwamba nina mitihani. Barua iliyofuata aliuliza tena, nikajibu kwamba mikono inakufa ganzi kwa baridi, nayo ilikuwa Julai.

Niliendelea kucheza miaka yote ile, na kila Agosti mkutano mkubwa wa wachezaji ulipokuja Milwaukee nilikwenda, nikasimama mbele ya picha za asili za rangi ya mafuta hadi miguu ikauma. Furaha yangu ilikuwa ya kweli. Lakini nilipofungua kitabu cha mwenye hadithi niliuruka ukurasa ule.

Nilirudi Kenya mwaka 1988. Juma la kwanza baba alinichukua karakanani, akanifutia vumbi la mbao juu ya benchi, akaweka karatasi na penseli, akasema, "Mlango huu una sehemu tupu juu ya kizingiti. Nipatie ua." Nilichora. Lilikuwa ua la mtu yule yule aliyeondoka Lamu, lenye mistari ya woga. Baba alilitazama, akaitazama fremu ukutani, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Haidhuru, safari inachosha," akachukua patasi akachonga ua lake mwenyewe. Hakuniomba tena. Mtu aliyeweza kutaja fundi kwa kuuona mlango wake gizani, alikosaje kuona kwamba mikono ile miwili si ya mtu mmoja? Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Picha aliiacha pale pale ukutani, naye alifariki mwaka 1997 bila ya mimi kumwambia neno.

Mwaka ule ule wa 1988 lilitokea jambo jingine, ambalo nililijua baadaye. Trampier alikuwa akichora hadithi ya picha, Wormy, katika jarida la wachezaji, tangu 1977. Ghafla ilikatika katikati ya kisa. Hakuaga. Inasemekana hundi za malipo alizopelekewa zilirudi hazijafunguliwa. Wapenzi wake walidhani amekufa. Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo kikuu cha Carbondale, jimbo la Illinois, lilichapisha habari za dereva mmoja wa teksi wa mji huo, na waliosoma jina lake wakaruka vitini. Alikuwa ni yeye. Waliomwomba arudi kuchora aliwakatalia. Alifariki Machi 2014, majuma machache kabla ya siku aliyokuwa amekubali, hatimaye, kuonyesha picha zake katika mkusanyiko wa wachezaji mjini hapo.

Nilisoma habari za kifo chake nikiwa Mombasa. Huyu alikuwa na mkono ambao mimi ningetoa chochote niupate, akauweka chini na kushika usukani. Nami niliuchukua mkono ule nikauvaa mbele ya baba yangu kama kanzu ya kuazima. Nilijua pia, kwa kusoma, kwamba hata picha ya kasha la kwanza la mchezo ule ilinakiliwa kutoka gazeti la katuni la mwaka 1968. Nilitarajia habari hiyo initulize. Haikunituliza.

Nilikwenda Lamu Mei ya mwaka huo. Karakana sasa ni ya ndugu yangu. Picha ilikuwa ukutani bado, imegeuka manjano, pembe moja imeliwa na wadudu. Niliishusha, nikafungua fremu, nikakwangua jina langu kwa wembe mpaka karatasi ikaingia unyoya. Pale pale nikaandika: Kazi ya David A. Trampier, 1979. Wino ulisambaa kidogo, na maandishi si mazuri.

Mtoto wa ndugu yangu, mwenye miaka kumi, alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Ami," akaniuliza, "huyo mwenye upanga mlangoni, anatoka kupigana au ametoka kuchungulia tu?"

Nilimwambia avute kigoda akae. Mfukoni nilikuwa na dadu yangu ya nyuso ishirini, iliyokwisha kulika ncha. Nikaiweka juu ya benchi, kati ya maranda, nikamwuliza, "Wewe ndiye uliyeko mlangoni. Unafanya nini?"